Bwana Nyuki Niliyemshinda kwa Maneno Yake

Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha darasa la tano, nikaingia porini kupanga tanuri za mkaa na baba mdogo, na kwa hilo sijawahi kujuta. Leo simama stendi ya Tabora mjini, uliza yale malori ya bluu ni ya nani. Hata muuza karanga atakutajia jina langu. Nina nyumba ya wageni, nina mashine ya kukoboa mpunga, nina gari la kutembelea ambalo wenye digrii zao wanalitazama tu likipita. Vyote nimevitafuta kwa mikono hii, hakuna mjomba wala mkubwa aliyenisukuma. Nayasema mapema ili ujue anayesimulia si mtu aliyeshindwa na maisha. Na kwenye mabishano ndiyo kabisa, sikumbuki lini mara ya mwisho nilishindwa. Katika wote niliowashinda, yupo mmoja ambaye laiti angenishinda yeye, kijijini kwetu leo kungekuwa na maji.

Tulimwita Bwana Nyuki. Alikuwa afisa wa serikali wa mambo ya ufugaji nyuki. Aliletwa upande wetu, nje kidogo ya Usinge, mimi nikiwa kijana wa baiskeli moja, akastaafu mimi nikiwa na lori la tatu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua za ofisi na sidhani kama kuna mtu kijijini aliyelitumia. Kwao wapi, baba yake nani, sikuwahi kumwuliza na hapa sitabuni. Namweleza kama nilivyomwona.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la kaki, na mwendo wake ulikuwa uleule wa polepole hata mvua ikimnyeshea. Nyuki hawapendi mtu wa papara, na yeye alikaa nao hadi papara yote ikamtoka. Akifika kwenye mji wa mtu haanzi na shida iliyomleta. "Mwangaluka," anasalimia, kisha anauliza watoto, anauliza ng'ombe, anauliza yule kuku aliyekuwa anaatamia juzi kama ameangua. Siku moja nilimkatisha.

"Bwana Nyuki, sema basi kilichokuleta! Mimi nina mzigo unanisubiri."

"Kilichonileta ni huyo kuku," akajibu. "Ameangua wangapi?"

Watu wakacheka, nami nikabaki nimekodoa macho. Kumbe hata hakuwa na shida nyingine siku ile.

Asali hakula. Hiyo ilitushangaza wote. Mtu anaishi na asali, ananuka asali, nyuki wanamfuata mpaka kwenye mkutano wa wazazi, lakini ukimwekea asali mezani anaisogeza kando na kuomba michembe, viazi vyetu vya kukausha. Nilimwuliza sababu. "Asali ni ya nyuki," akasema. "Mimi nina mshahara."

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni mzinga wa gome. Kwa asiyejua: mrina asali anachagua mti mkubwa, mzima, anauvua gome lake mzunguko kamili kama anayemvua mtu shati, analikunja gome lile linakuwa mzinga. Nyuki wanaingia, asali inapatikana, ila mti unakufa umesimama. Wazee wetu walifanya hivyo tangu enzi na enzi. Nakumbuka mzee mmoja alimwita Bwana Nyuki aje kuona mizinga yake mipya. Bwana Nyuki alipofika akauona mti wa mtundu, mnene, uliovuliwa gome, hakuutazama mzinga. Akavua kofia, akakaa chini mbele ya ule mti.

Mzee akaingiwa na hofu. "Kuna nini, Bwana Nyuki? Nani kafa?"

"Huyu hapa," akasema, akaugusa mti. "Pole sana, mzee wangu."

Yule mzee hakuvua gome tena. Mimi nilipoisikia habari hiyo nilimsubiri Bwana Nyuki kwenye baraza ya duka nikamtania mbele za watu: "Na hiyo mizinga yako ya mbao, mbao zake zinaanguka na mvua?"

"Hapana, zinatoka kwenye mti. Ila mti mmoja unanipa mizinga mingi, na gome, mti mmoja mzinga mmoja. Hesabu hiyo hata wewe wa darasa la tano unaiweza."

Nilicheka kwa mdomo tu. Hakuna aliyewahi kunitajia darasa langu hadharani nikamsamehe haraka.

Alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira kwenye usukani wa baiskeli. Humo ndimo alimojifunza mambo ya dunia, na humo ndimo tulimojifunza sisi kwa sababu alitufundisha tupende tusipende. Kila mwaka nchi za dunia zinakutana kujadili moshi, ule moshi wa viwanda na magari na misitu inayoungua, wenyewe wanauita hewa ukaa. Zinakutana kujadili nani apunguze, apunguze kiasi gani, na aanze nani. Ukifika wakati huo Bwana Nyuki alikuwa kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Chakula hali vizuri, redio haimtoki sikioni.

"Vipi, wamekutana?" tunamwuliza barazani.

"Wamekutana."

"Wamekubaliana nini?"

"Wamekubaliana wakutane tena mwakani."

Sisi tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Yeye hakucheka. Alitueleza kwamba hewa hiyo ikishapanda juu haikai nchini kwa aliyeiwasha. Inatanda juu ya wote, joto linaongezeka, na mvua inapoteza njia yake. Mwaka huu inakuja yote kwa siku tatu, mwaka ujao inakupita ikinyesha kwenye mawe. Nchi zilizotajirika, alisema, zilitajirika kwa kuwasha moto kwanza na kwa kuwasha mwingi. Kwa hiyo zipunguze kwanza, zipunguze zaidi, na zitusaidie sisi wengine tuishi bila kulazimika kuwasha kama wao. Wengine wanafuata, na wao wana viwanda vingi sasa, nao wana sehemu yao. Hata sisi tuna sehemu yetu, ndogo, lakini ipo. Akifika hapo kwenye sehemu yetu, wengi walikuwa wameshaondoka.

Mimi nilibaki, maana maneno mazuri siyaachi yapotee. Na alikuwa na maneno yake fulani ambayo niliyahifadhi kama mtu anavyohifadhi mbegu. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka Ujiji kwenda pwani kupitia Tabora, inakatiza karibu na kwetu. Siku hizi ni kijia tu cha ng'ombe. Siku moja tulikuwa tunasukuma baiskeli pamoja, akasimama hapo.

"Unajua nani alipita hapa?"

"Wapagazi. Babu zetu."

"Wamebeba nini?"

"Pembe za ndovu."

"Za nani?"

Nikaitazama njia.

"Mwenye pembe alitembea mikono mitupu," akasema, na sauti ilikuwa imembadilika. "Nyuma yake kuna mtu wa kumshikia mwavuli. Aliyebeba hakuwa na chake, na mwenye chake hakubeba. Sasa redioni nawasikia wakubwa wanataka na huu moshi wao tuubebe hivyohivyo. Wao washibe, sisi tubebe." Akatema mate pembeni. Sikuwahi kumwona akitema mate kabla ya siku ile wala baada yake.

Usidhani alikuwa malaika. Nyuma ya nyumba yake alilima tumbaku, nusu eka, na alikuwa na bani lake, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto, na bani la Bwana Nyuki lilikula kuni kama bani la mtu yeyote. Tulimkamata hapo mara nyingi.

"Bwana Nyuki, mbona na wewe unawasha?"

"Nina binti yupo chuo cha ualimu, na mshahara unanifikia umechoka."

Hakuona haya kulisema. Kwenye kila mkutano wa misitu, kabla hajamnyoshea mtu kidole, alianza kwa kulitaja bani lake, lina ukubwa gani, msimu uliopita limekula mikokoteni mingapi ya kuni, na mwaka huu anapunguza wapi. Watu walimcheka. Mimi nilimwona mjinga kabisa. Mfanyabiashara gani anaingia sokoni akitangaza kasoro ya bidhaa yake? Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alifanya hivyo ili mwingine naye apate ujasiri wa kutaja lake, na kwa miaka yote ile sijui kama kuna aliyelitaja. Mimi sikulitaja.

Baba yangu alipofariki ndipo nilipomwelewa vibaya zaidi. Kwetu ikitokea msiba, kila nyumba inaleta kuni, maana msiba ni watu na watu lazima wale. Hakuna anayepima wala anayeandika. Mimi wakati ule nilikuwa na lori langu la kwanza, nikataka watu wajue baba ameacha mwana. Nilileta lori zima la magogo, napiga honi kutoka barabarani hadi uani, vumbi limetanda. Bwana Nyuki alikuwa amesimama penye rundo la kuni akipokea, kazi aliyoifanya kwenye kila msiba. Nyuma yangu tu akaingia bibi mjane, jirani yetu, ana vijiti vitatu amevifunga kwa kamba ya gome. Bwana Nyuki alimpokea kwa mikono miwili, akavipeleka mwenyewe jikoni, moto ukawashwa navyo.

Nilimfuata. "Bwana Nyuki, lori zima nimeleta. Hata asante?"

"Asante," akasema. "Wewe una lori."

Basi. Hakuongeza neno. Niliondoka nimenuna kama nimetukanwa.

Sasa nifike kwenye chemchemi, maana nimeizunguka vya kutosha.

Juu ya kijiji chetu kulikuwa na pori, miyombo, mininga, mikurungu, na katikati yake chemchemi. Maji yake yalikuwa yanashuka kwetu, yanapita, yanakwenda kijiji cha ng'ambo ya bonde. Vijiji viwili, chemchemi moja. Ng'ambo walituwahi kulima tumbaku. Walikata pori la upande wao lote kwa ajili ya mabani, na kwa tumbaku hiyo wakaezeka bati, wakajenga shule ya matofali, wakanunua pikipiki, sisi bado tupo kwenye nyasi. Pori lao lilipoisha wakaanza kuvuka usiku na mchana kuja kwetu. Na sisi nasi tulikuwa tumeshaingia kwenye tumbaku kwa nguvu zote. Bwana Nyuki akaona pori la chemchemi halina misimu mingi.

Kiangazi kizima alikwenda na kurudi kwa baiskeli kati ya vijiji viwili, akitafuta mgawo ambao kila upande utaukubali. Aliupata. Ng'ambo, kwa kuwa walikata kwanza na wakafaidi kwanza, waache kabisa kuingia porini, wapande miti upande wao kwa ajili ya mabani yao, na watoe watu wengi wa kulima njia ya kuzuia moto kuzunguka pori lote, hata upande wetu. Sisi, kwa kuwa bado tupo chini, tuendelee kuchukua kuni zilizokufa na kukata kidogo pembeni, lakini tusiguse eneo la chemchemi, na tupunguze mabani mapya. Wale wanaacha, hawa wanapunguza. Hakuna anayekaa bure.

Ng'ambo walikuwa na mwenyekiti mwanamke, mama mmoja mkali mwenye sauti ya kuitia mbuzi. Alipigana na Bwana Nyuki wiki nzima. Mwisho akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa mtu wa kule: "Tulikula kwanza, ni kweli. Kulima njia ya moto tutaanza sisi. Ila na wao waseme mbele ya mkutano wao kwamba chemchemi hawaigusi. Tukisikia hivyo tunakuja na majembe kesho yake."

Kilichobaki kilikuwa mkutano wetu.

Niseme wazi. Sikuwa na ugomvi na chemchemi. Nilikuwa na lori. Nilikuwa nimeshakubaliana na wakulima wa vijiji vyote viwili kuwasombea magogo ya mabani, na magogo mazuri yote yalikuwa pale juu. Mgawo ule ukipita, lori linalala.

Mkutano ulikuwa mchana, uwanja wa shule, watu wamejaa. Mama wa ng'ambo alikuja kusikiliza, akakaa pembeni na wenzake wawili. Bwana Nyuki alisimama, akaanza na bani lake kama kawaida, akasema analivunja wiki ile. Kisha akasema:

"Ndugu zangu, msiba ukitokea hapa hatuulizi nani kasababisha ndipo tulete kuni. Mwenye mkokoteni analeta gogo, bibi analeta kijiti. Lakini nyumba haiji mikono mitupu. Ng'ambo wameshakubali gogo. Sisi tunaombwa kijiti."

Niliona vichwa vinatikisika kukubali. Niliona lori langu limelala. Nikanyosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi sina elimu," nikaanza, na watu wakatabasamu, maana walijua nikianza hivyo kuna jambo. "Lakini nina mwalimu, na mwalimu wangu ni huyu Bwana Nyuki. Alinisimamisha pale kwenye njia ya misafara akanifundisha. Akasema, mwenye pembe alitembea mikono mitupu, babu yako ndiye aliyebeba. Ni uongo, Bwana Nyuki?"

"Si uongo," akajibu.

"Akanifundisha, moshi huu wanaotusumbua nao redioni, walioanza ni matajiri wa dunia. Wamekata ya kwao, wakashiba, leo wanatuambia sisi tuache. Ni uongo?"

"Si uongo. Lakini..."

"Na hawa ng'ambo! Wamekata ya kwao, wameezeka bati. Leo wanakuja kutuambia kuhusu chemchemi. Bwana Nyuki, babu zetu walibeba pembe zisizo zao. Leo unataka na sisi tubebe?"

Uwanja ulilipuka. Watu walisimama, vigelegele, mtu mmoja akanibeba mgongoni. Bwana Nyuki alinyosha mikono watu watulie. Alikuwa anasema kitu, midomo naiona, sauti haifiki. Nilichokipata ni kipande tu: "...na wao huko wanasema hivyohivyo, wanasubiri wengine waanze..." Mwenyekiti akaitisha mikono. Ya kukubali mgawo ilihesabika kwa macho tu: Bwana Nyuki, yule bibi mjane, mama yangu mzazi, na wachache wengine. Ndiyo, mama yangu. Nilimwona nikageuza uso.

Mama wa ng'ambo alisimama akajifunga khanga. "Basi na sisi hatuanzi," akasema, wakaondoka.

Nililala kama mfalme siku ile.

Wakati ule niliamini nimeshinda kwa kuwa nilikuwa mjanja. Leo najua nilishinda kwa kuwa nilichosema kilikuwa kweli. Matajiri walianza. Ng'ambo walianza. Babu zetu walibeba. Kila neno ni kweli, nami niliyachukua yale maneno ya kweli nikalikingia nayo lori langu kama mtu anavyoweka jiwe nyuma ya tairi. Bwana Nyuki aliyasema ili wakubwa wafanye zaidi. Mimi niliyasema ili mimi nisifanye chochote.

Baada ya mkutano kila mtu aliingia porini kwa fujo, maana kila mmoja alijua mwenzake ataingia. Ng'ambo wanakata huku, sisi tunakata kule, malori yangu katikati. Lori la pili nilinunua msimu ule. La tatu msimu uliofuata. Chemchemi ilianza kutoa tope, kisha ikatoa wakati wa masika tu, kisha hata masika haikutoa. Kabla ya maji, nyuki waliondoka. Nilikuwepo siku moja kundi lilipopita juu yetu, sauti kama ya mashine ya mbali, na Bwana Nyuki akasimama barabarani akalitazama mpaka likapotelea kusini.

Hakunichukia, na hilo ndilo lililonisumbua. Aliendelea kunisalimia, kuuliza watoto, kuuliza mama. Bani lake alilivunja wiki ileile kama alivyosema, ingawa mkutano ulishamkataa. Redio aliendelea kuisikiliza lakini aliishusha sauti, hakutusimulia tena. Na yale maneno ya wapagazi hakuyasema tena kamwe. Nilimnyang'anya.

Alipostaafu alihamia mjini kwa binti yake, yule wa ualimu, wanakaa njia ya Kitete. Mama yangu alikataa kuhama kijijini. Kwa hiyo malori yaliyoshusha magogo sasa yanapandisha tenki la maji kwenda kwa mama yangu na kwa majirani wake. Kila nikifika, mama ananishukuru kwa maji, na kila akinishukuru natafuta kitu cha kufanya kwenye injini.

Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye kikao mjini. Siku hizi naitwa mdau. Wageni walikuwa wametoka mbali, wengine nchi za nje, kuzungumza habari ya hewa ukaa na misitu: kwamba kijiji chenye msitu, kikiutunza, kitasaidiwa na wale wanaowasha zaidi. Nikakaa pale nafikiri: ndicho kile alichokuwa anakisubiri redioni miaka yote, kimekuja, na sisi msitu hatuna. Wakauliza nani atasema neno kwa niaba ya wenyeji. Macho yote yakanigeukia. Nikasimama nikasema ninachokijua. Mwenye pembe hakubeba, aliyebeba hakuwa na chake, kwa hiyo walioanza na waanze kupunguza. Wakapiga makofi, mkalimani akahangaika, wageni wakaandika. Nilipokaa nikatazama nyuma, nikamwona. Mstari wa mwisho, fimbo kati ya magoti, macho yameingia ukungu, binti yake pembeni. Alikuwa anapiga makofi.

Wakati wa chai nilimfuata.

"Shikamoo, Bwana Nyuki."

Aliitambua sauti kabla ya uso. "Marahaba, mwanangu! Watoto hawajambo? Mama?"

"Hawajambo. Bwana Nyuki, niliyosema mle ndani... nimekosea?"

"Umesema kweli tupu. Wageni wale walipaswa kuyasikia."

"Na siku ile kijijini?"

Akatafuta kikombe chake kwa kidole. "Siku ile nayo ulisema kweli. Ungesema uongo ningekushinda."

Binti yake alinitazama usoni. Yeye aliona vizuri.

"Chemchemi bado inatoa?" akauliza mzee.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kwa swali hilo sikujiandaa. Nimekwishabishana na maafisa, na mawakili, na matrafiki wa njia nzima kutoka hapa mpaka Nzega, sijawahi kukosa jibu. Nikasema, "Inatoa. Kidogo, lakini inatoa."

Uso wake ulifunguka. Alimgeukia binti yake, "Umesikia? Inatoa!" Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniombea Mungu anizidishie. Kisha akasema anataka kwenda kuiona, au kama macho hayataki basi kuisikia, akae pale asubuhi moja tu. "Una magari wewe. Nipeleke."

"Jumamosi," nikasema.

Jumamosi nilizima simu. Jumamosi nyingine nilisafiri. Binti yake amepiga mara nne, halafu ameacha. Gari langu la kutembelea lipo uani, limejaa mafuta, na kuanzia nyumba ya wageni mpaka kwao si mwendo hata wa kumaliza wimbo mmoja. Nimekuwa nikizunguka kupitia mtaa mwingine.

Binti yake aliniambia siku ile kwamba humsomea baba yake kila kinachoandikwa kuhusu upande wetu, jioni, kwa sauti, mpaka mwisho. Ndiyo sababu nimeandika, mimi nisiye mtu wa kalamu. Mwalimu, ukifika hapa, msomee polepole. Bwana Nyuki, chemchemi haitoi. Ilikauka zamani, na malori yalikuwa yangu. Ng'ambo wana sehemu yao na dunia ina sehemu yake, lakini hii ilikuwa yangu. Jumamosi hii nitakuwa mlangoni kwenu asubuhi na gari, na kama baada ya kusikia haya bado utataka kwenda, nitakupeleka ukae pale palipo pakavu, nami nitakaa.